Madarasa ya Mazoezi ya Viungo kwa Wanafunzi wa Vyuo: Yanavyofanyika, Faida Zake na Namna ya Kuyaanzisha Kurasini

Kurasini hufahamika zaidi kwa bandari, maghala na malori ya makontena. Hata hivyo, kata yetu ni kata ya vyuo pia. Kando ya Barabara ya Kilwa ipo Taasisi ya Uhasibu Tanzania, eneo ambalo wengi wetu hulitaja kwa jina moja tu la Uhasibu. Kipo Chuo cha Diplomasia, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji, ambacho siku hizi hubeba jina la Dkt. Salim Ahmed Salim. Kipo pia Chuo cha Taaluma ya Polisi. Tukivuka kuelekea Chang'ombe tunakuta Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu na chuo cha ufundi stadi cha VETA. Vijana wa vyuo hivi si wageni kwetu. Hupanga vyumba katika nyumba zetu, hula kwa mama lishe wa mitaa yetu, na wengi wao ni watoto wetu wenyewe.

Kati yao kuna tofauti moja inayostahili kutazamwa. Mwanafunzi wa chuo cha polisi hukimbia na kufanya kwata kwa sababu mazoezi ni sehemu ya mafunzo yake. Yamo katika ratiba, yana mwalimu na yana uwanja. Mwanafunzi wa uhasibu, wa diplomasia au wa ualimu wa hesabu hana ratiba ya namna hiyo. Akitaka kuulinda mwili wake, itampasa kutafuta muda, mahali na mwenzake wa kufanya naye, yote kwa hiari. Makala haya yanaeleza madarasa ya mazoezi ya viungo ni nini, kwa nini umri wa chuo ndio unaoyahitaji zaidi, na jinsi wanafunzi na wakazi wanavyoweza kuyaanzisha hapa katani bila gharama kubwa.

Kwa nini umri wa chuo

Mtoto wa Kitanzania hukua akiwa na mazoezi bila kuyaita mazoezi. Shule ya msingi alikimbia mchakamchaka asubuhi kabla ya kuingia darasani. Mchana aliruka kamba, akacheza rede au kufukuza mpira. Sekondari alikuwa na vipindi vya michezo na mashindano ya UMISSETA, na hata asiyechaguliwa katika timu alitembea kwenda shule na kurudi. Tangu mwaka 2013, ulipoanza tena utaratibu wa wahitimu wa kidato cha sita kupitia Jeshi la Kujenga Taifa, vijana wengi hufika chuoni wakiwa wametoka kambini, wepesi na wenye pumzi ndefu.

Kisha ghafla yote husimama. Mihadhara husikilizwa kwa kukaa, maktaba ni ya kukaa, kazi za vikundi hufanywa kwa kukaa, na mapumziko yenyewe ni ya kukaa na simu mkononi. Umbali wa kutoka chumbani hadi chuoni, ambao ungeweza kutembewa kwa dakika 20, humalizwa na bodaboda. Mlo nao hubadilika: chipsi na soda huchukua nafasi ya ugali, maharage na mboga za majani kwa sababu hupatikana upesi. Hakuna anayemwambia kijana huyu kwamba ameacha mazoezi, kwa kuwa hakuwahi kuyaanza kwa uamuzi wake. Aliyapata kwa sababu shule ilimpangia. Siku shule ilipokoma kumpangia, nayo yalikoma.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kijana wa miaka 20 anayejizoeza kutenga nusu saa kwa ajili ya mwili wake ana nafasi kubwa ya kuendelea hivyo atakapokuwa na kazi, ndoa na watoto. Anayezoea kukaa naye huondoka na mazoea hayo chuoni na kuyapeleka ofisini, ambako kiti ni kilekile na saa za kukaa ni nyingi zaidi. Shinikizo la damu, kisukari cha ukubwani na maradhi ya moyo hayaanzi siku yanapogunduliwa hospitalini. Hujengeka polepole kwa miaka mingi, na sehemu ya miaka hiyo ni hii ya masomo. Ni kwa sababu ya maradhi ya aina hiyo kwamba mwezi Novemba 2019 Serikali ilizindua mpango wa taifa wa kinga na udhibiti wa magonjwa yasiyoambukiza.

Sayansi inasema nini

Uhusiano kati ya kukaa na maradhi ya moyo ulianza kuonekana wazi katika mabasi ya abiria. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake wa Uingereza walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mjini London. Dereva na kondakta walifanya kazi katika basi moja na kwa saa zilezile. Dereva alikaa kutwa nzima, ilhali kondakta alipanda na kushuka ngazi akikusanya nauli. Makondakta walionekana kupatwa na maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Mkazi wa Temeke aliyewahi kumtazama konda wa daladala akiruka chini, akiita abiria na kurukia tena mlangoni hatashangazwa na matokeo hayo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unaeleza kiasi kinachofaa. Mtu mzima, kuanzia umri wa miaka 18, anashauriwa kufanya kati ya dakika 150 na 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au kati ya dakika 75 na 150 za mazoezi makali. Pamoja na hayo, anashauriwa kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Mazoezi ya wastani ni yale yanayomfanya mtu apumue kwa kasi lakini bado aweze kuzungumza. Akiweza kuimba, basi anakwenda taratibu mno. Mazoezi makali ni yale ambayo hayamruhusu kusema zaidi ya maneno machache kabla ya kuvuta pumzi. Jambo la kutia moyo katika mwongozo huo ni kwamba kila dakika ina faida yake, na kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa.

Kipimo chepesi cha kiasi hicho tunacho hapahapa. Daraja la Nyerere linalotuunganisha na Kigamboni, lililofunguliwa mwezi Aprili 2016, lina urefu wa mita 680 na lina njia za waendao kwa miguu. Kwenda na kurudi ni mita 1,360, yaani takriban robo saa kwa mwendo wa haraka. Anayefanya hivyo mara mbili amepata nusu saa. Akirudia siku tano katika wiki, amefikisha dakika 150 bila kulipa kiingilio cha ukumbi wowote.

Kwa mwanafunzi zipo faida zinazoonekana mapema zaidi kuliko kinga ya maradhi. Mazoezi ya kawaida huboresha usingizi, hupunguza wasiwasi na husaidia akili kutulia katika masomo. Wengi huyaacha mitihani inapokaribia, wakidhani wanaokoa muda, kumbe ndicho kipindi ambacho mwili na akili huyahitaji zaidi. Shauri jema ni kuyafupisha badala ya kuyaacha: dakika 20 za kutembea kwa haraka zinatosha kuliendeleza zoea hadi mitihani ipite.

Darasa la mazoezi ni nini

Darasa la mazoezi ni kundi la watu wanaokutana siku na saa maalumu, chini ya mwalimu mmoja, kufanya mazoezi yaliyopangwa. Tofauti yake na timu ya mpira ni kwamba haliteui wenye vipaji. Anayeweza kukimbia kilomita 10 na anayechoka baada ya mita 100 wote wana nafasi, kila mmoja kwa kiasi chake.

Kwa kawaida darasa huchukua kati ya dakika 45 na saa moja, nalo lina sehemu tatu. Ya kwanza ni kupasha misuli moto kwa dakika 5 hadi 10: kutembea, kuzungusha mabega na nyonga, kisha kukimbia polepole. Ya pili ndiyo kiini cha darasa, nayo hubadilika siku hadi siku. Siku moja huwa ni aerobiki, yaani kuchezesha mwili mzima kwa kufuata mdundo wa muziki. Siku nyingine jogingi. Siku nyingine mazoezi ya nguvu yanayotumia uzito wa mwili wenyewe, kama vile pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, na kupanda na kushuka ngazi. Sehemu ya tatu ni kupoza mwili na kunyoosha viungo, ili mapigo ya moyo yarudi taratibu katika hali ya kawaida. Mwalimu anayeruka sehemu ya kwanza au ya tatu kwa kukosa muda anawaweka wanafunzi wake katika hatari ya kuumia.

Mwalimu ndiye nguzo ya darasa. Wapo wataalamu waliosomea elimu ya michezo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wapo waliohitimu Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya, mkoani Mwanza. Si kila kundi litampata mtaalamu wa ngazi hiyo kila wiki, lakini kila kundi linaweza kumtathmini anayeliongoza. Je, huwauliza wageni kuhusu afya zao kabla ya kuanza? Je, humpa anayeanza zoezi jepesi kuliko wazoefu? Je, anajua la kufanya mtu akianguka au akiteguka kifundo cha mguu? Mwalimu anayejibu ndiyo kwa maswali hayo anafaa. Anayewadhihaki wazito na wachovu hafai, hata kama yeye mwenyewe ana misuli ya kutamanisha.

Saa, joto na usalama

Hali ya hewa ya pwani ina masharti yake. Kuanzia Desemba hadi Machi joto na unyevu huwa vikali, na mazoezi ya mchana katika uwanja usio na kivuli huweza kuleta kizunguzungu na kuzirai. Saa zinazofaa ni kuanzia saa 12 asubuhi, au saa 10:30 jioni jua linapopungua ukali. Maji ya kunywa yawepo uwanjani kila siku. Anayehisi maumivu ya kifua, kichefuchefu au kuona giza aache mara moja, akae kivulini na asiachwe peke yake.

Barabara zetu nazo zina malori mengi. Makundi ya jogingi yasikimbie kando ya Barabara ya Kilwa saa za msongamano, kwa ajili ya ajali na kwa ajili ya moshi na vumbi pia. Njia za ndani ya mitaa, viwanja vya vyuo au ufukwe maji yanapokupwa ni salama zaidi. Wakimbiaji wa alfajiri wavae nguo za rangi nyepesi ili waonekane na madereva.

Mwenye pumu, selimundu, kisukari, shinikizo la damu au ujauzito hakatazwi mazoezi, bali anatakiwa kupata ushauri wa mhudumu wa afya kwanza na kumweleza mwalimu hali yake. Katika mwezi wa Ramadhani darasa linaweza kuhamishiwa muda mfupi kabla ya futari kwa mazoezi mepesi, au baada ya tarawehe kwa watakao. Si lazima lifungwe kwa mwezi mzima.

Wasichana na wenye ulemavu

Kundi linaloacha mazoezi mapema kuliko yote ni la wasichana. Sababu mara nyingi si uvivu. Uwanja ulio wazi kwa kila mpita njia, maneno ya kejeli kutoka vijiweni, darasa linalomalizika giza limekwisha kuingia, na mavazi ambayo msichana anaona hayamstahi: kila moja kati ya hayo linatosha kumfanya aje mara moja tu asirudi. Kundi linalotaka kuwabakisha wasichana halina budi kuyashughulikia hayo kabla ya kununua spika.

Jambo la kwanza ni saa. Katika Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni kwa kutegemea mwezi. Kwa hiyo darasa la jioni limalizike saa 11:45 ili kila mtu afike nyumbani kukiwa na mwanga. Jambo la pili ni mahali: ua wa chuo au ukumbi wa mihadhara usiotumika hufaa kuliko uwanja wa barabarani. Jambo la tatu ni mavazi. Suruali pana, fulana ndefu na hijabu ya kitambaa chepesi havimzuii mtu kufanya zoezi lolote lililotajwa hapa. Jambo la nne ni kuwa na mwalimu au kiongozi mwanamke, ambaye mwenye tatizo anaweza kumweleza bila haya.

Wanafunzi wenye ulemavu nao wana haki ya nafasi katika darasa. Mwanafunzi wa kiti cha magurudumu anaweza kufanya mazoezi ya mikono, mabega na kiwiliwili pamoja na wenzake, na mwenye uoni hafifu anaweza kukimbia akiwa ameshika kamba fupi pamoja na mwenzake. Linalohitajika ni mwalimu kujua mapema na uwanja kuwa na njia ya kuingilia.

Suala la viwanja

Hapa ndipo penye ugumu mkubwa zaidi kwa Kurasini. Ardhi ya kata yetu inagombewa na bandari, matangi ya mafuta, yadi za makontena na maegesho ya malori. Kila eneo la wazi lina anayelitaka kwa biashara, na uwanja ukishawekewa uzio na kujazwa makontena hauwi uwanja tena. Viwanja vikubwa vya jirani, Benjamin Mkapa na Uhuru, ni vya mashindano, wala haviwezi kubeba mazoezi ya kila jioni ya kila kundi.

Vyuo, kwa upande mwingine, vina viwanja, kumbi na nyua ndani ya uzio wao, na si saa zote hutumika. Mitaa ina vijana wengi wasio na mahali. Njia nyepesi ya kukutanisha mambo haya mawili ni makubaliano ya maandishi: chuo kinaruhusu kundi lenye wanafunzi na wakazi kutumia uwanja siku na saa zilizotajwa, na kundi linaahidi kuuacha safi, kuorodhesha majina ya wanaoingia na kufuata taratibu za ulinzi. Makubaliano ya namna hiyo humfaa mwanafunzi, kwa kuwa darasa haliishi likizo inapoanza. Wakazi huliendeleza hadi atakaporudi. Nayo huwafaa wakazi, kwa kuwa mzazi wa miaka 50 anayehitaji mazoezi kwa ushauri wa daktari hupata mahali, mwalimu na vijana wa kumtia moyo.

Hatua za kuanzisha darasa

Kwanza, wakusanyike watu 10 hadi 20 walio tayari, wachague siku mbili au tatu za wiki ambazo hazigongani na vipindi, na wazishike kwa mwezi mmoja kabla ya kuzibadilisha.

Pili, wanafunzi wawasilishe barua kwa mshauri wa wanafunzi wa chuo chao kupitia serikali ya wanafunzi, wakitaja siku, saa, idadi na mahali wanapoomba. Kundi la mtaani lipeleke barua yake kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa Mtendaji wa Kata.

Tatu, wamwone Afisa Michezo wa Halmashauri kwa ushauri kuhusu walimu na viwanja. Kundi linalotaka kuwa klabu rasmi husajiliwa na Msajili wa Vyama vya Michezo aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Afisa Michezo ataeleza taratibu za katiba na fomu.

Nne, kama kuna mchango, uwe mdogo na hesabu yake isomwe mbele ya wanachama kila mwezi. Vikundi vingi havifi kwa kukosa fedha. Hufa kwa kutojua fedha ilikokwenda.

Tano, liwepo daftari la mahudhurio. Mwalimu akiona jina la mtu limekosekana wiki mbili, mmoja ampigie simu. Salamu hiyo ya "mbona hatukuoni" huwarudisha wengi.

Wanaotaka mahali pa kuanzia wanayo Jumamosi ya pili ya kila mwezi, siku iliyotengwa kwa mazoezi kitaifa kufuatia kampeni iliyozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2016 na Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais. Siku moja kwa mwezi haitoshi kwa afya ya mtu, lakini inatosha kwa majirani na wanafunzi kukutana, kufahamiana na kupanga siku nyingine.

Wenye nyumba wanaopangisha wanafunzi, wazazi, wajumbe wa mitaa na viongozi wa vyuo tunaombwa kulichukua jambo hili kama huduma, sawa na maji na taa za barabarani. Penye uwanja uliobaki wazi katika mtaa wako, ulizia umetengwa kwa matumizi gani, na lifikishe suala hilo katika mkutano wa mtaa kabla haujapata uzio. Maswali kuhusu viwanja na uandikishaji wa vikundi yapelekwe Ofisi ya Mtendaji wa Kata katika saa za kazi.